Upande Mweupe

Kope alikuwa amekaa kichwa chini miguu juu, na bado alikuwa mzuri kuliko watu wote waliowahi kukaa sawasawa kwenye kiti kile.

Ndivyo kamera kubwa inavyoonyesha watu. Mpigapicha hujifunika kitambaa cheusi, anainama nyuma ya lile sanduku lenye miguu mitatu, na kwenye kioo cha nyuma humwona mteja wake amepinduliwa kama popo. Tulia alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, na macho yake yalikwisha kuzoea kuwageuza watu yenyewe bila kuambiwa. Siku hiyo yaligoma. Aliangalia ule mdomo uliokuwa juu ya macho, akaangalia shingo, akaangalia pete mpya kidoleni, akasahau kabisa kilichompeleka chini ya kitambaa.

"Wewe baba, umelala humo ndani?" shangazi mtu akauliza.

"Naweka macho yake yatoke makali, Shangazi."

"Macho yake makali tangu azaliwe. Piga tuondoke, fundi wa nguo anatungoja saa nane."

Tulia halikuwa jina alilopewa na wazazi. Watu walimwita hivyo kwa kuwa ndilo neno alilolitamka zaidi ya salamu. Kamera yake ilihitaji mtu akae kimya hesabu ya mbili nzima, asitikise hata sikio, basi kutwa nzima ilikuwa ni "tulia mama, tulia mzee, tulia hapo hapo." Jina la Kope nalo lilitungwa na yeye. Picha ya kwanza aliyowahi kumpiga, msichana alipepesa macho katikati ya hesabu, na kope zake zikatoka ukungu mtupu. Wengine wote walimjua kama binti wa Mzee Miwani, fundi wa kupima macho katika duka la baba yake, na hakuna mwingine aliyemwita Kope. Wala hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka minne sasa.

Alitoka chini ya kitambaa, nywele zimemvurugika.

"Ukishamaliza kuangalia ndiyo unapiga?" shangazi mtu akauliza. Alikuwa amekalia sanduku la taa, mkoba mapajani, kama askari wa zamu.

"Nikishaweka filamu sioni tena kitu kwenye kamera, Shangazi. Naziba. Halafu nasimama hapa pembeni namwangalia kwa macho yangu haya haya, mpaka niione sura ninayoitaka."

"Kumbe! Kaka yangu alikuwa anasema eti mtu anayejificha chini ya nguo awachungulie mabinti wa watu hawezi kuwa mkwe wake. Sasa huku nje ndiko kubaya zaidi."

Kope aliinamisha uso. Tulia akajifanya anafuta vumbi kwenye kamera. Shangazi mtu akagundua amekanyaga mahali pasipokanyagwa, akakohoa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuzima moto kwa mafuta ya taa, akaendelea.

"Ya zamani hayo. Sasa mtoto wetu kapata mpima ardhi, kijana mpole. Mama mkwe ndiye kachagua picha: nyeusi na nyeupe, ya kutundika sebuleni, iwe kama ile ya marehemu mama yake, inayoonyesha mpaka uzi wa shali. Tumeuliza kila studio. Wote wanatuambia tuje kwako."

"Nashukuru," Tulia akasema.

"Harusi Jumamosi ijayo. Siku nane."

"Nimesikia, Shangazi."

Alipiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Kwa kila picha alisimama kando ya kamera, waya wa kubonyezea mkononi, akamwangalia yule mwanamke aliyekuwa haruhusiwi kutikisika, na mwanamke akamwangalia yeye. Ilikuwa kazi, na shangazi mtu alikuwepo akihesabu dakika, lakini watu wawili waliowahi kupendana hawawezi kutazamana hivyo wakatoka salama. Baada ya ya nne makasha yake yote mawili yalikuwa yameisha, maana kila kasha hubeba filamu mbili tu, moja kila upande.

Simu ikalia mkobani. Shangazi mtu akaangalia. "Fundi wa nguo huyu. Ngoja nikamwambie asianze kukata." Akatoka barazani, sauti yake ikabaki ndani.

Wakabaki wawili.

"Hujambo, Tulia," Kope akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Sijambo. Hongera."

"Asante."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri sana." Akaizungusha pete. "Nilidhani utakataa kunipiga."

"Kazi ni kazi."

"Ndiyo. Kazi ni kazi." Halafu akauliza haraka, kama mtu anayebandua plasta: "Ile picha yangu. Ya zamani ile. Uliifanya nini?"

Tulia alijua picha moja tu, ile ya kupepesa. "Ninayo," akajibu. "Ipo kwenye droo."

"Kwenye droo."

"Ndiyo. Huwa naitoa mara moja moja, naangalia, nairudisha."

"Ah," Kope akasema. "Kumbe huwa unaiangalia."

Na hapo uso wake ukabadilika. Tulia hakujua amesema nini, lakini aliona kitu kikishuka machoni mwake taratibu, kitu kizito ambacho hakikuwepo katika zile picha nne za bibi harusi. Mpigapicha ni mtu mbaya wakati mwingine. Badala ya kuuliza "kuna nini?" akasema, "Tulia hapo hapo. Usibadilishe chochote."

Alinyoosha mkono kwenye makasha. Vifuniko vyote vilikuwa vimegeuzwa vyeusi. Hakuwa na filamu.

Ila kasha moja la zamani, lile la rafu ya juu.

Hapa inabidi msomaji aelewe jambo dogo la kazi yenyewe. Kila filamu ndani ya kasha hufunikwa na kifuniko cha kuchomoa, na ukingo wa kifuniko hicho una rangi mbili: huku nyeupe, kule nyeusi. Filamu ikiwa mpya, weupe hukaa nje. Ukishapiga picha, unakigeuza kifuniko kabla ya kukirudisha, weusi unakaa nje, ili usije ukapiga mara mbili juu ya filamu moja. Ni jambo la sekunde, na mpigapicha hulifanya bila kufikiri, kama kufunga kifungo cha shati.

Miaka minne nyuma, Tulia alipata kazi ya miezi mitatu mbali, kupiga picha za wafanyakazi wa kiwanda. Mzee Miwani alikuwa amekwisha kuikataa posa yake, na ile ya kujificha chini ya nguo akaiongeza kama chumvi. Siku ya safari, Kope alimsindikiza mpaka kituoni.

"Sitaki unibembeleze kwa simu," alimwambia. "Kwa simu nitasema chochote. Niachie nifikirie mwenyewe."

"Na jibu nitalijuaje?"

Akacheka. "Mwachie Fundi Mzee kasha lenye filamu moja. Nikikubali, nitakwenda nikae kwenye kiti chako anipige. Ukirudi ukikuta kifuniko cheusi, ujue nimekubali, baba apende asipende. Ukikuta cheupe, usiniulize kitu. Unanielewa? Usiniulize, nitaona aibu."

"Nimekuelewa."

Fundi Mzee ndiye aliyemfundisha Tulia kila kitu. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili na alikataa kukubali. Mwezi wa tatu alifariki ghafla usingizini. Tulia alirudi mbio kuja kumzika, na kabla hata ya kunawa vumbi la safari aliingia studio akalishusha kasha kutoka rafuni.

Kifuniko kilikuwa cheupe.

Makaburini alimwona Kope ng'ambo ya watu, shali kichwani, akimwangalia bila kupepesa. Akadhani anamhurumia. Akageuza uso. Aliambiwa asiulize, hakuuliza, na kila siku iliyopita ilifanya swali liwe zito zaidi. Kasha akaliacha pale pale juu, weupe nje, miaka minne. Alijiambia kwamba hana moyo wa kulitumia.

Sasa alilishusha. Alijiambia filamu ni filamu. Alijiambia pia, na hili ndilo lililomtoa machozi baadaye, kwamba kasha hilo liliwekwa kwa ajili yake, basi na liishie kwake. Akalipachika kwenye kamera, akachomoa kifuniko, akasimama kando.

"Tulia," akasema.

Kope hakupepesa. Moja, mbili. Akabana waya, kamera ikasema *tk*.

"Kasema ataongeza sentimeta mbili kiunoni!" shangazi mtu akaingia. "Haya, mmemaliza? Mbona mmenuna kama mmekula shubiri?"

*

Filamu za namna ile husafishwa gizani kabisa, bila hata taa nyekundu. Alasiri hiyo hiyo Tulia alijifungia katika chumba cha giza, akaziingiza zote tano kwenye dawa, akazigeuza moja baada ya moja kwa vidole huku akihesabu kwa sauti ndogo. Dawa ya pili, ya kugandisha. Maji. Kisha akawasha taa.

Nne zilikuwa safi. Ya tano ilikuwa nzito, nyeusi kupita kiasi.

"Imeoza," akasema peke yake. Miaka minne kwenye rafu, ingeachaje kuoza? Akaiinua mbele ya taa ili aithibitishe kabla hajaitupa.

Kulikuwa na macho manne.

Alidhani amechoka. Akaifuta, akaikausha, akaitandaza juu ya karatasi ya picha, akaimulika, akaiingiza karatasi kwenye beseni chini ya taa nyekundu. Picha kwenye beseni huja polepole, kwanza kivuli, halafu nywele, halafu mtu. Alikuja Kope wa leo, nywele zimesukwa, uso umegeuka kidogo, na lile zito machoni. Na kutoka ndani yake, shavu likipita kwenye shavu, akaja Kope mwingine. Huyo alikuwa na nywele fupi na gauni la madoadoa. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa dirishani, pale Fundi Mzee alipopenda kukiweka kwa kuwa alihitaji mwanga mwingi. Alikuwa akiangalia kamera moja kwa moja, akitabasamu kama mtu aliyeiba kitu na hajutii.

Alikuwa amekuja. Alikaa kwenye kiti, akampiku baba yake, akatabasamu. Na mzee wa watu, kwa macho yale yaliyokuwa yanamsaliti, alirudisha kifuniko bila kukigeuza.

Tulia aliiacha karatasi kwenye beseni mpaka ikaanza kuwa nyeusi. Alikaa chini, mgongo ukutani, akalia kwa sauti. Husemwa kwamba majuto ni mjukuu. Basi huyo mjukuu alimpakata pale pale sakafuni, na alikuwa mzito.

*

Asubuhi alikwenda dukani kwa Mzee Miwani akiwa na bahasha mbili. Kwa miaka minne alikuwa akizunguka barabara nzima asipite mbele ya duka lile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Miwani aliinua uso juu ya fremu aliyokuwa akiikaza skrubu. Alikuwa amezeeka. "Umeleta mwenyewe? Shangazi yao angekuja kuchukua."

"Nilikuwa napita."

Mzee akafungua bahasha ya kwanza, akatoa picha nne, akazipanga mezani. Akavua miwani yake, akavaa nyingine, akaziinamia kwa muda mrefu.

"Yule mama mkwe atalia," akasema. "Hapa naona mpaka kovu la kidevu, alipoanguka na baiskeli. Nilikuwa nimelisahau." Akazikusanya kwa uangalifu. "Ngoja nikamwonyeshe mama yake huko nyuma. Binti, njoo ukae mbele!"

Kope akatoka chumba cha kupimia, koti jeupe, peni nyuma ya sikio. Alipomwona Tulia akasimama mlangoni. Mzee akapita katikati yao na picha zake kifuani, hakuona kitu.

"Zimetoka vizuri?" Kope akauliza.

"Nne zimetoka vizuri."

"Na ile ya tano?"

Tulia akatoa karatasi kutoka bahasha ya pili, akaiweka juu ya meza ya kioo, akaisukuma kwake. Ilikuwa nakala nyingine aliyoitoa usiku ukiwa haujaingia bado.

Kope aliiangalia. Akachukua lenzi ya mkononi, ile anayokagulia vioo, akaishusha juu ya shavu la yule wa gauni la madoadoa. Akaisogeza mpaka machoni. Aliinama hivyo kwa muda hata Tulia akadhani hatainuka.

"Umezichanganya kwa nini?" akauliza hatimaye, bila kuinua uso. "Umechukua ile ya zamani ukaiweka juu ya hii? Ni mzaha gani huu?"

"Sikuchanganya mimi. Ni filamu moja."

"Filamu moja vipi?"

"Kasha lile. Nilikuta kifuniko cheupe, Kope. Fundi Mzee hakukigeuza. Hakuona. Nilijua hukuja. Nimeliweka miaka minne nikijua ndani hamna kitu, mpaka jana filamu iliponiishia."

Lenzi ikagonga kioo.

"Jana uliniambia unayo. Uliniambia ipo kwenye droo, huwa unaitoa unaiangalia!"

"Nilidhani unauliza ile ya kupepesa."

"Ile ya kupepesa!" Akacheka, cheko baya lililokatika katikati. "Mimi nikakaa pale nikasema moyoni, huyu mtu ana jibu langu kwenye droo miaka minne, analitoa analichezea, halafu ananipa hongera. Tulia, nililia mpaka kwa fundi wa nguo. Shangazi akadhani ni kiuno."

"Nisikilize—"

"Nilimwambia baba siku ile ile. Nilitoka kwenye kiti chako nikaja hapa, pale uliposimama, nikamwambia nimekubali na nimepigwa picha kabisa. Alininunia wiki mbili. Halafu ulipokuja kumzika mzee nikasimama makaburini nikikuangalia, nikisubiri ishara. Ukageuza uso."

"Nilidhani unanihurumia."

"Ulidhani. Ulidhani." Akachomoa peni sikioni, akaitupa mezani. "Ukadhani mpaka ikawa miaka minne. Kuuliza si ujinga, hata watoto wanafundishwa."

"Uliniambia nisikuulize."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili! Nilikuwa naringa! Msichana akikwambia usiniulize, ukasafiri miezi mitatu, ukarudi, kweli huulizi?"

Nje mtu alipita akasimama kuangalia fremu dirishani, akaenda zake.

"Nikuulize kitu mimi," Kope akasema, sauti imeshuka. "Ungekikuta kifuniko cheusi, ungefanya nini?"

"Ningekuja hapa mbio. Na buti za safari."

"Kilipokuwa cheupe hukuja hata kwa kutambaa."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yaliuma.

"Huyu mchumba wangu nilimkataa," akaendelea. "Mara mbili. Mara ya kwanza alirudi kesho yake akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kuna mtu namngoja. Akaenda. Baada ya mwaka akarudi akaniuliza, yule mtu amekuja? Nikamwambia hajaja, na wewe sikutaki. Akaenda tena. Mara ya tatu akaniuliza, bado unangoja? Nikaona aibu kusema ndiyo." Akafuta shavu kwa mkono wa koti. "Sijui kama nampenda kama nilivyokupenda wewe. Lakini sijawahi kukaa nikabahatisha anafikiri nini."

"Na sasa umejua," Tulia akasema. "Sasa umejua kilichotokea. Si kosa langu, si kosa lako. Ni mzee na macho yake."

"Usimsingizie marehemu. Yeye alikosea sekunde moja."

Tulia akashika ukingo wa meza. Akapiga moyo konde.

"Basi nakuuliza sasa," akasema. "Kwa mdomo wangu. Utaolewa na mimi?"

Kope alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, na uso wake, jambo la ajabu, ukawa ule wa msichana wa gauni la madoadoa, tabasamu na yote.

"Ndiyo," akasema.

Halafu akafumbua. Akaweka kidole juu ya picha, juu ya yule wa nywele fupi. "Hilo ni jibu la huyu. Alistahili kuulizwa angalau mara moja." Kidole kikasogea mpaka kwa yule mwingine. "Huyu jibu lake ni hapana. Ameshampa mtu neno, na mtu huyo hajafanya kosa lolote."

"Kope."

"Chukua picha yako. Mimi nikiiweka nitakuwa mwongo katika nyumba ya watu."

Aliirudisha bahashani mwenyewe, akampa. Vidole vyao vikagusana juu ya karatasi, na hakuna aliyeharakisha kuvitoa.

Tulia akatoka. Barazani akasimama. Alisimama tu, bahasha kwapani, mgongo mlangoni, na ilimchukua muda mzuri kutambua anafanya nini: alikuwa anangoja aitwe. Alipolitambua hilo aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akasukuma mlango, akarudi ndani.

Kope alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nimekueleza kila kitu," Tulia akasema. "Kasha, kifuniko, mzee. Nimekuuliza. Sijakwambia nisamehe. Nisamehe, Kope. Niliogopa, ndiyo basi. Wala haikuwa filamu. Niliogopa kusikia hapana kutoka mdomoni mwako, nikaona bora niambiwe na kifuniko."

"Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri tangu ulipoingia," Kope akasema. "Nimekusamehe."

"Asante."

"Usinishukuru. Nenda." Akashika meza kwa mikono miwili. "Nenda sasa hivi, Tulia, nakuomba. Ukikaa hapa dakika moja zaidi nitabadilisha neno, na yule kijana wa watu amekuja kwangu mara tatu."

Huko nyuma sauti ya Mzee Miwani ilisikika ikikaribia, ikimwita mkewe aje aone kovu la kidevu.

Tulia alimwangalia. Kope alimwangalia. Hakuna aliyepepesa, na dakika ile ilianza kuhesabika, moja, mbili, na wote wawili walijua neno lingebadilika kama Tulia angeendelea tu kusimama.

Akageuka, akaenda. Alitembea mpaka mwisho wa barabara bila kutazama nyuma, na mpaka leo, akiulizwa, hawezi kukwambia kama siku ile aliondoka kwa heshima au kwa woga ule ule.